Mwanafunzi Gani Huyo?

Jamani, kabla hamjaniita mlokole anayetaka tamthilia zetu zigeuke mahubiri, nisikilizeni kwanza. Mimi ni mtu wa tamthilia. Nimekesha na za Kifilipino, nimelia na za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, na mpaka leo saa ya Huba au Jua Kali ikifika usinipigie simu. Mapenzi, usaliti, mirathi, sumu kwenye juisi, nipe vyote. Nimeshakuwa mtu mzima, nataka kuangalia mambo ya watu wazima. Swali langu ni moja tu na limeninyima usingizi tangu mwaka jana: kwenye hayo mambo ya watu wazima, huyo binti mliyemvalisha sare ya shule anafanya nini?

Stori yenyewe hii hapa. Majina sitaji, na nyie mnaopenda kukisia, kisieni kimya kimya.

Mwaka jana prodyuza mmoja hapa Dar aliniita nikajiunge na waandishi wake. Alikuwa anaandaa tamthilia ya machimbo ya dhahabu. Maduara, makarasha, hela za ghafla, gesti bubu, waganga wanaooneshea watu mwamba ulipo. Hakuniita kwa sababu naandika sana. Aliniita kwa sababu mimi ni wa Kahama. "Wewe ndiyo wa kule, utatupa ladha." Basi nikawapa ladha. Niliwaeleza tofauti ya mwenye leseni na mwenye duara, mawe yanavyogawanywa kwa mifuko, marudio ni nini na kwa nini kuna watu wanaishi kwa hayo marudio tu. Niliwaambia Katoro haikui kama miji mingine, inaumuka kama andazi. Walikuwa wanaandika kila ninachosema. Nilijiona profesa.

Mhusika mkuu alikuwa binti wa kidato cha pili kutoka kijiji kimoja cha Shinyanga. Anaacha shule, anaenda machimboni Geita kumsaidia mama lishe, mwenye duara mmoja anamuona, basi tena. Umri miaka 15. Ugomvi wote ulianzia kwenye hiyo namba.

Bosi alitaka ibaki 15. "Inauma zaidi, itatrendi." Ila wa kuigiza alishampata: staa mmoja ambaye nusu yenu mnamfuata Instagram, ana miaka 28 kama mimi, kope kama mbawa za kunguru, na umbo ambalo ndilo hasa lililompa jina. Angevaa sare kwenye episodi mbili za mwanzo, halafu mambo ya gesti yanaanza. Mwandishi mwenzangu, kaka mmoja mpole, akasema hapana, tumfanye ana miaka 20, anasoma chuo, tusije tukasumbuana na Bodi ya Filamu. Vingine vyote vibaki vilevile, tubadilishe namba tu.

Mimi nilimuunga mkono kaka. Niliona ndiyo njia safi. Badilisha namba, dhambi inafutika.

Na tusijidanganye, hata wakubwa wa dunia wanahangaika na hiyo namba. Kwenye kitabu cha Game of Thrones, Daenerys ana miaka 13 anapoozwa. Kwenye TV wakamkuza, na nafasi akapewa Emilia Clarke, aliyekuwa na miaka 24 ilipoanza kurushwa 2011. Euphoria ya 2019 ni stori ya wanafunzi wa sekondari, ila Zendaya alikuwa na miaka 22. Majirani zetu wa Kenya walikuwa na Tahidi High pale Citizen, wanafunzi ambao baadhi yao ukiwaangalia vizuri unajua hawa mtihani wa mwisho walishafanya zamani. Sababu inaeleweka kabisa: huwezi kumchukua mtoto halisi ukamfanyisha mambo ya kikubwa mbele ya kamera, hata awe anaigiza. Hilo sina ubishi nalo na sitaki mtu anibishie.

Lakini sasa, huko kwetu.

Mwezi wa kumi na mbili nikapanda basi kwenda nyumbani. Dodoma, Singida, Nzega, Tinde, Isaka, mpaka Kahama miguu imevimba. Mama mdogo wangu ana saluni Nyihogo, na saluni za Kahama mnazijua, TV haizimwi. Nikakaa pale nasubiri nywele. Kwenye TV kulikuwa na tamthilia, siitaji, na ndani yake kuna msichana wa shule anagombaniwa na tajiri. Sketi ya shule, soksi nyeupe, wigi mpaka kiunoni, kucha ndefu. Dada mmoja aliyekuwa kwenye draya akacheka akasema, "Mwanafunzi gani huyo? Huyo ni mwanamke kamili."

Saluni nzima ikacheka. Kulikuwa na mabinti wawili wa shule pale wanasukwa kwa ajili ya likizo, nao wakacheka. Mimi kicheko kilinikwama kooni. Hiyo sentensi niliwahi kuisikia, neno kwa neno, na siku hiyo haikuwa ya TV.

Ni 2011. Nina miaka 14, niko likizo kijijini kwa mjomba, nje kidogo ya Kahama. Binamu yangu ana 15, yuko kidato cha pili shule ya kata. Tunalala kitanda kimoja, ananifundisha hesabu za sehemu ambazo mpaka leo nazijua kwa sababu yake. Jioni moja tunaambiwa kesho kuna wageni. Mwanaume mmoja mwenye maduara Kakola alimuona siku ya mnada, akauliza ni binti wa nani. Anakuja na mshenga. Ng'ombe walishatajwa, 12.

Usiku ule mtu mzima mmoja wa ile nyumba aliniita pembeni. "Wewe wa mjini, kesho umtengeneze mwenzako apendeze. Asionekane mtoto."

Nikafurahi. Naandika hii kwa sababu ya hilo neno. Nilifurahi. Nilikuwa nimebeba wigi la mama mdogo kutoka saluni, nimeliiba kwa kweli, nilitaka kujionesha kijijini. Nilikuwa na wanja na lipstiki nyekundu. Na kichwani nilikuwa na picha zote za banda umiza la mtaani kwetu, ambako kwa shilingi mia mbili mtoto wa umri wowote anaingia na kuangalia chochote, hakuna wa kuuliza miaka. Nilijua msichana anayependwa na tajiri anafananaje. Nilimtengeneza vile vile. Nilimkalisha kwenye kigoda, nikamvalisha wigi juu ya zile nywele zake fupi za shule, nikampaka, nikarudi nyuma kumuangalia kama fundi. Nikamwambia, "Dada, una bahati wewe."

Walipokuja, mtu mmoja upande wa mjomba alijaribu kusema kwamba huyu bado yuko shule, ni mwanafunzi. Mshenga akamuangalia binamu yangu pale mlangoni, ameshika sinia la soda, akacheka. "Mwanafunzi gani huyo? Huyo ni mwanamke kamili."

Alikuwa anaiangalia kazi yangu.

Najua mtasema ulikuwa mtoto, haukuwa uamuzi wako. Kweli. Na bila wanja angeolewa tu, ng'ombe walishahesabiwa. Kwa ule utafiti wa afya wa taifa wa 2010, kati ya wanawake wa Shinyanga wa miaka 20 mpaka 24, asilimia 59 walikuwa wameolewa kabla ya kufikisha 18. Shinyanga iliongoza nchi nzima, ambayo wastani wake ulikuwa 37. Kwa hiyo binamu yangu hakuwa ajabu pale kijijini. Ajabu ilikuwa wale waliomaliza kidato cha nne. Na sheria zenyewe zilikuwa zinagombana juu ya mwili wake: Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtu chini ya miaka 18 ni mtoto, wakati Sheria ya Ndoa ya 1971 ilisema binti wa 15 anaolewa mzazi akiridhia. Siku moja, binti mmoja, mtoto huku na mke kule. Mpaka Rebeca Gyumi alipoenda mahakamani, Mahakama Kuu ikasema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinavunja katiba, na Mahakama ya Rufani ikakazia tarehe 23 Oktoba 2019. Binamu yangu wakati huo ana miaka 23 na watoto watatu.

Ndoa ilivunjika kitambo. Yuko Kakola, ana kibanda, anapika ugali na sato kwa wachimbaji, na ni mpishi kweli. Baada ya ile saluni nikamfuata. Kutoka Kahama si mbali, ila vumbi lake utalikohoa wiki nzima. Nikakaa kwenye benchi lake namenya viazi, nikamwambia naandika tamthilia ya machimbo, kuna binti kama yeye ndani yake. Akauliza swali la kwanza ambalo na wewe ungeuliza.

"Anaigiza nani?"

Nikamtajia. Akaangua kicheko mpaka mwiko ukaanguka.

"Huyo? Mdogo wangu, huyo si ndiyo yule mwenye... Sasa mimi na huyo wapi na wapi! Mimi nilikuwa na miguu kama ya mbuzi. Unakumbuka pikipiki ilipoingia siku ile ya kwanza tulikuwa tunafanya nini?"

Sikukumbuka.

"Tulikuwa tunacheza rede. Mimi ndiyo nilikuwa katikati, najaza mchanga kwenye chupa, nyie mnanirushia mpira. Pikipiki imekuja, mimi nimegeuka kuangalia, ukanipiga mpira wa mgongo. Ukashangilia. Tukagombana nilikuwa sikuangalia, haihesabiki. Nililia, ujue. Nililia kwa ajili ya rede." Akaokota mwiko, akaufuta. "Sasa huyo staa wenu atacheza rede?"

Hapo ndipo mimi na kaka mpole tulipoachana.

Maana nimegundua bosi na kaka walikuwa wanakosea kitu kimoja, kila mtu kwa njia yake. Bosi anampa binti miaka 15 kwenye karatasi halafu anampa mwili wa miaka 28 kwenye kioo, kwa hiyo macho yetu yanafundishwa kwamba kumi na tano inafanana hivyo. Ukikutana na wa kumi na tano halisi amepakwa wanja, unamuona mwanamke, kwa sababu umeshaoneshwa mara mia. Kaka naye anafuta miaka 15 kabisa, anaweka 20, kila mtu analala vizuri, na machimbo yote ya Geita na Kahama yanakuwa hayana mtoto hata mmoja. Wakati mwaka 2013 Human Rights Watch walipoandika kuhusu machimbo madogo ya huko huko kwetu, walikuta watoto mpaka wa miaka minane wanafanya kazi, wengine wanashika zebaki kwa mikono mitupu. Hao tunawaweka wapi? Chuo?

Kwa hiyo jibu langu kama mtu ananiuliza tamthilia za kikubwa ziwe na vijana wadogo au watu wazima: mtoto abaki kwenye stori, kwa umri wake, na aigizwe na mtu anayefanana na huo umri. Acheze rede. Abebe maji. Akosee hesabu. Alie kwa vitu vya kijinga. Sheria ya Mtoto inaruhusu kuanzia miaka 14 kufanya kazi nyepesi isiyomdhuru, kwa hiyo apate mwigizaji mdogo, mzazi akiwa pale pale lokesheni, na skripti yake iwe na kurasa ambazo mzazi anaweza kuzisoma kwa sauti. Kanumba, mtoto wa Shinyanga yule, kwenye Uncle JJ ya 2010 aliwapa watoto nafasi ya kuwa watoto, watundu kweli kweli, na hakuna aliyeboreka. Tunaweza.

Mambo ya kikubwa wabaki nayo wakubwa. Kamera ikae kwao. Nataka kumuona baba anahesabu ng'ombe mara mbili akiogopa amepunjwa. Nataka mama ambaye usiku ule hakulala, asubuhi akachemsha chai kama kawaida. Mtendaji aliyepewa kitu kidogo. Mwalimu aliyekata jina kwenye rejista kwa rula. Na yule mwenye duara mwenyewe, jamani, yule ndiye mhusika mkuu! Sisi tumezoea kumpa maneno matatu na gari, halafu episodi nzima tunamkodolea macho binti. Yeye anajiambia nini akiwa peke yake? Ana dada? Ana binti wa umri huo? Mimi nataka kukaa naye kwenye chumba mpaka ajisikie vibaya.

Na siyo wazo jipya, hivyo bosi asinidanganye kwamba watu hawataangalia. Mama yangu anasimulia Twende na Wakati ya Radio Tanzania kana kwamba ilikuwa jana, ilianza 1993, na waliokuwa wanagandia redio walikuwa wanamfuatilia Mkwaju, dereva wa malori, mtu mzima na akili zake, na mambo yake ya barabarani, na mkewe Tunu. Ukimwi ulifundishwa nchi nzima kwa kumuangalia mwanaume aliyekuwa anauleta nyumbani. Binti ya Seko Shamte, ya 2021, ina mambo mazito kabisa na ni ya wanawake wazima mwanzo mwisho. Hata Country Queen ya Kenya, ambayo ni ya mgodi kama ya kwetu, imembebesha stori Akisa, mwanamke mzima anayerudi kijijini kwao.

Na tuliosoma Vuta N'kuvute kidato cha tano tunakumbuka Adam Shafi alivyofanya. Yasmin ana miaka 15, Bwana Raza ana 52. Ukishasoma hizo namba mbili huhitaji kuoneshwa chumba. Mwalimu wetu alitusomea hapo, darasa likanyamaza, na lilikuwa darasa la kelele lile.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo sijaishinda. Wale mabinti wawili wa saluni. Wao ndio wanaoangalia, wao ndio wanahitaji kujiona. Nikiwapa baba na mtendaji na mwenye duara, wanaweza kuhamisha chaneli. Mtu wa miaka 15 hataki kujiona anacheza rede, anataka kujiona mkubwa. Mimi pia nilitaka, ndiyo maana niliiba wigi. Hapo kwa kweli nakuna kichwa. Ila najua tu kwamba yule msichana wa kwenye TV, mwenye soksi nyeupe na kucha, hakuwa wao. Walimcheka.

Nilirudi Dar mwezi wa kwanza na kurasa 11. Nilianza na rede. Mpira wa soksi, chupa, mchanga, pikipiki inaingia, mtoto anageuka, mpira unampiga mgongoni, wenzake wanashangilia. Bosi alisoma mpaka mwisho, kwa haki yake, hakuruka. Akauliza, "Sasa staa anaingia wapi?" Nikamwambia anaweza kuwa mke mkubwa wa mwenye duara, mwanamke wa miaka 28 anayeona mumewe anapeleka ng'ombe kwa mtu mwenye umri wa mdogo wake wa mwisho. Nafasi tamu ile, ningekuwa mwigizaji ningeipigania. Akasema staa hawezi kuwa mke mkubwa, wafuasi wake hawatamuelewa. "Unataka tamthilia ya wazee wewe."

Wakaenda na 20. Mwanafunzi wa chuo, likizo, amefuata biashara Geita. Kaka mpole ndiye aliyeandika upya, na ameandika vizuri, siwezi kumsema. Nililipwa za episodi nne, na nimeambiwa jina langu litakuwepo mwisho kwenye yale maandishi madogo, upande wa utafiti.

Juzi binamu yangu amenipigia. Mjini huku mvua, kwake anasema jua la kupasua mawe. Anauliza inaanza lini. Amenunua king'amuzi, amekiweka pale pale kibandani, anasema wateja wataangalia wakila. Ameshawaambia wachimbaji kwamba kuna sehemu wanacheza rede, hiyo ni yeye.

Nikamwambia bado wanahariri.